Plasta Juu ya Kopo

Katika wodi ya wazazi aliyoiongoza mama yangu mdogo hakukuwa na kitu kilichokaa bila plasta. Mikasi, ndoo, mizani ya watoto, kiti chake cha mbao, chupa yake ya chai, hata fagio, vyote vilibandikwa kipande cheupe chenye mwandiko wake mnene: WODI YA WAZAZI. Hakufanya hivyo kwa uchoyo. Hospitali ile ilikuwa na ugonjwa wa vitu kutembea. Ukiacha koleo mezani asubuhi, mchana unalikuta chumba cha upasuaji, na kesho yake kila mtu anaapa kuwa hajapata kuliona. Wauguzi wa wodi nyingine walimbatiza jina la Sista Plasta, naye akaliitikia bila kinyongo.

"Sista Plasta, na mume je? Mbona hukumbandika?" walimtania siku moja kwenye chai ya saa nne.

"Nilimbandika vizuri tu siku ya harusi," akajibu. "Ilikuwa plasta ya bei rahisi."

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa miguu. Amewapokea watoto wengi mno duniani, kiasi kwamba barabarani vijana wenye ndevu humwamkia kwa adabu, naye huwauliza mbele za watu kama bado wanalia usiku. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kuishi kwake, nikijitolea katika kitengo cha lishe cha hospitali hiyo hiyo huku nikisubiri ajira. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyasikia kwa jirani.

Plasta ilikuwa na kazi nyingine wodini, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Dawa zilifika katika madumu makubwa. Wauguzi walizigawa katika chupa ndogo, wakabandika plasta juu ya kila chupa na kuandika jina la mgonjwa na kipimo chake. Mama aliyetoka pale akiwa na kitu chenye plasta ya Sista alijua kabisa kuwa ameshika dawa. Ataitumia mpaka iishe, hataikatiza, na hatamruhusu mtu mwingine aiguse. Mama mdogo alikuwa amewafundisha hivyo miaka yote, kwa sauti ambayo hata mama wakwe waliiogopa.

Kisha akaja Bwana Kalamu.

Jina lake halisi hatukulijua vizuri, kwa sababu alianza na kalamu. Alimpa kila muuguzi kalamu nzuri ya rangi ya samawati yenye jina la maziwa ya kopo ya kampuni yake. Wiki iliyofuata alileta kalenda zenye picha ya mtoto aliyenona mashavu kama maandazi. Baadaye ikaja saa ya ukutani. Alikuwa mpole, msafi, mwenye viatu visivyoshika vumbi, na aliwakumbuka watoto wa wauguzi wote na madarasa waliyosoma. Mama mdogo alikataa kalamu, akairudisha kalenda. Saa aliikuta imekwisha kutundikwa.

"Sista, saa nayo ina dhambi gani?" Bwana Kalamu aliuliza huku akicheka.

"Haina dhambi. Ila kila mama anayesikia uchungu anaitazama hiyo, na kila akiitazama anakusoma wewe."

Alijua anachokisema. Mwaka 1981 nchi za dunia, zikiwa katika mkutano wao mkuu wa afya, zilipitisha kanuni ya kimataifa ya kudhibiti namna maziwa ya kopo yanavyouzwa. Kanuni hiyo haikupiga marufuku kopo. Kuna mtoto ambaye mama yake amefariki, kuna mama aliye mahututi, na watoto hao wanahitaji kulishwa. Ilichokataza ni kumfuata mzazi kwa matangazo, kumpa sampuli za bure, kuwarubuni wahudumu wa afya kwa zawadi, na kuigeuza hospitali kuwa duka. Na ilikataza kwa sababu. Kulikuwa na makampuni yaliyowavalisha wauzaji wao mavazi ya uuguzi na kuwatuma kwa wazazi wapya, na kulikuwa na watoto waliokufa kwa maziwa yaliyozimuliwa katika maji machafu. Haya yamo katika vitabu tulivyofanyia mitihani. Nilidhani jambo likishaandikwa, likapigiwa kura na kufundishwa, basi limekwisha. Nilikuwa sijakutana na Bwana Kalamu.

Wodi ilikuwa na paa bovu. Mvua ikinyesha, vitanda vya upande wa dirishani vilisukumwa katikati, na wazazi walilala wakiwa wamebanana kama vitabu kwenye rafu. Barua za kuomba paa zilikuwa zimetumwa mpaka wino ukachoka. Basi asubuhi moja daktari mkuu alimwita mama mdogo ofisini, naye akamkuta Bwana Kalamu amekaa pale, na mlangoni zimepangwa katoni za maziwa. Kampuni ingetengeneza paa lote. Ilichoomba ni kuisaidia wodi kwa maziwa ya bure tu.

"Daktari, hayo hayaruhusiwi wodini," mama mdogo alisema. "Kanuni unaijua kuliko mimi."

"Kanuni inakataza matangazo, Sista. Tangazo ni jina na picha. Wewe si ndiye bingwa wa plasta hapa? Funika."

Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale akaliwaza paa. Aliwawaza pia wale watoto wachache wasio na mama, ambao chakula chao kilikuwa kikitafutwa kwa kuchangishana. Na kwa kweli alifurahi kidogo. Aliona amepata njia ya kumkomoa Bwana Kalamu: maziwa yatumike kwa watoto wale wachache, na jina lake lisionekane na mtu.

Siku hiyo wauguzi walikaa kwenye benchi wakabandika. Jina la kampuni lilikuwa limechapwa kila mahali: mbele, kwenye kifuniko, na tena nyuma, limepita katikati ya maelekezo. Kwa hiyo plasta ilizungushwa kopo lote mpaka likawa jeupe kama mguu uliovunjika. Juu yake mama mdogo akaandika kwa mkono wake: WODI YA WAZAZI.

Bwana Kalamu alipokuja tena, wote walimtazama waone atakavyokasirika. Alichukua kopo moja, akaligeuza, akasoma mwandiko ule, akatabasamu.

"Safi sana, Sista. Kazi nzuri sana hii."

Wiki iliyofuata akaleta katoni mara mbili ya zile za kwanza.

Mimi tabasamu lile limenikaa rohoni mpaka leo. Yeye alielewa papo hapo jambo ambalo sisi tulichelewa kulielewa. Kalenda na saa vilikuwa vinasema "nunueni". Plasta ya Sista ilisema "hii ni dawa". Hakuna tangazo la kampuni ambalo lingeweza kusema hivyo, na sisi tulimfanyia bure, kwa mwandiko ulioaminiwa kuliko mwingine wowote mtaani.

Wazazi wakaanza kuomba. "Sista, mimi sijapewa yangu ya plasta." "Mwenzangu kapewa, mimi nimekosa nini?" Mama mdogo akiwa zamu alikataa, akakaa kitandani na mzazi, akamwonyesha namna ya kumweka mtoto ziwani. Lakini hakuwa zamu siku zote, na daktari mkuu alikuwa amekwisha kutoa agizo kwamba maziwa yagawiwe upesi kwa kuwa tarehe zake za mwisho zinakaribia. Soma tena sentensi hiyo. Maziwa yaliyokuwa yanakaribia kuharibika yalihitaji matumbo ya kuyamaliza, na matumbo yaliyopatikana yalikuwa ya watoto wachanga wetu.

Mmoja wa waliopewa alikuwa fundi cherehani, msichana wa mkabala na shule, anayeshona sare za wanafunzi barazani kwake. Alijifungua mtoto wa kike mwenye afya, akanyonyesha siku ya kwanza bila shida. Siku ya kuruhusiwa mtoto alilia sana, na muuguzi aliyekuwa zamu, akiwa amechoka na wodi imejaa, alimtilia kopo kwenye mfuko. Basi. Hakuna aliyefanya ubaya zaidi ya huo.

Alirudi na mama mkwe wake asubuhi ya siku ya kliniki. Mtoto alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Utosi ulikuwa umebonyea, macho yameingia ndani, na alipolia hapakutoka machozi. Alikuwa akiharisha tangu wiki iliyopita. Mama mdogo alimpokea, akamkimbiza kwa daktari wa zamu, dripu ikawekwa. Ndipo akarudi kwa mama mtu.

"Ulikuwa unampa nini, mwanangu?"

Fundi akafungua mfuko, akatoa kopo. Plasta bado ilikuwa juu yake, safi. Alikuwa ameifunga kwa mfuko wa nailoni isilowe.

"Ile dawa yenu, Sista."

"Dawa gani?"

"Hii. Si mlinipa hapa?"

"Na ziwa?"

"Niliacha," fundi alisema, akiwatazama wote kwa zamu kama mwanafunzi anayehofia kuwa jibu lake si sahihi. "Nilisema nisije nikachanganya na dawa."

Mama mkwe akaingilia. "Tulitunza masharti, msituone wajinga. Kopo ni moja na tarehe ya kurudi ni leo, na dawa haikatizwi, si wewe ndiye husema kila siku? Tukapima kijiko kimoja kwa chupa nzima ili ifike. Na imefika! Haya, tazama, imebaki hata kidogo."

Alilitikisa kopo karibu na sikio la mama mdogo ili alisikie.

Mama mdogo alilichukua. Akaanza kubandua plasta yake mwenyewe kwa kucha, taratibu, kipande kwa kipande. Chini yake kukatokea mchoro wa vijiko na maji. Kukatokea onyo kuhusu maji yasiyochemshwa. Kukatokea pia sentensi ambayo kanuni imewalazimisha watengenezaji kuichapa: kwamba maziwa ya mama ndicho chakula bora kwa mtoto. Aliisoma kwa sauti ndogo.

"Na hii niliifunika," alisema. "Hii pia."

Hakulia. Ningependa kuandika kwamba alilia, lakini alivaa glavu akaenda kuangalia dripu.

Mtoto alivuka hatari, ingawa kwa taabu. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka, na nyumbani hapakuwa na uwezo wa kununua kopo lingine, wala maji ya kuaminika ya kulichanganyia. Akitoka pale bila ziwa, atarudi vilevile, na safari hiyo huenda asivuke. Kila mtu wodini alilijua hilo, na fundi alilijua zaidi ya wote. Aliacha kula. Mama mdogo akamwambia maziwa hurudi, mtoto akinyonya mara kwa mara ziwa huamka, ila inataka siku nyingi na moyo mgumu. Akamvua mtoto nguo, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kila mtoto aliposhika chuchu, mama mdogo alidondosha maziwa kwa kijiko juu ya ziwa, tone kwa tone, yateleze mpaka mdomoni, mtoto apate sababu ya kuendelea kuvuta. Ndiyo, yalikuwa ya kopo, yaliyopimwa na kuchanganywa inavyotakiwa. Hakuwa mtu wa kumwacha mtoto na njaa ili ashinde ubishi.

Mama mkwe alikaa pembeni amenuna. "Ziwa kavu hilo. Anyonye nini, upepo?"

"Mama, wewe ulilea wangapi?"

"Sita, wote wazima."

"Kwa kopo gani?"

"Kopo! Enzi zetu kopo lilikuwa la kuchotea maji."

"Basi njoo ushike kijiko, mkono wangu umechoka."

Akaja. Na alipokishika, hakukiachia tena mtu mwingine. Wauguzi walioomba kumpokea aliwaambia mikono yao inatetemeka.

Katikati ya siku hizo kukawa na kikao cha kutia saini msaada wa paa. Ukumbi ulipangwa viti, soda zikaletwa, na Bwana Kalamu akaja na mkubwa wake kutoka makao makuu. Daktari mkuu alikuwa anashukuru kwa maneno marefu mama mdogo aliposimama, kopo mkononi.

"Samahani, daktari. Kabla hatujapiga makofi. Kuna mtoto yuko wodini alitaka kufa kwa hili."

Akaeleza lote. Hakujificha. Alisema plasta ni yake na mwandiko ni wake. Akasema kuficha jina hakukuifanya zawadi kuwa halali, kwa kuwa kilichokatazwa ni kopo lenyewe kugawiwa wodini. Akaomba katoni zitoke siku hiyo hiyo.

Mkubwa wa Bwana Kalamu alisikiliza kwa makini, akaomba kuliona kopo. "Nasikitika sana," alisema. "Lakini ndugu zangu, bidhaa yetu ina maelekezo kamili, na ina ujumbe wa kuhimiza kunyonyesha. Aliyeyafunika ni nani?"

Mama mdogo aliinua mkono wake wenye mabaki ya gundi.

"Mimi," mama mdogo akasema. "Hilo nimekwisha kulisema, na nitalijibu. Sasa na wewe nijibu langu. Ulilileta wodini kwangu kufanya kazi gani?"

Daktari mkuu alidakia, akasema tusiharibu shughuli, mambo ya kitaalamu yana vikao vyake. Soda zikafunguliwa. Kesho yake mama mdogo akapewa onyo kwa maandishi, kwa kosa la kuondoa maelekezo ya mtengenezaji na kuhatarisha maisha ya mgonjwa. Akavuliwa uongozi wa wodi na kuhamishiwa chumba cha kufungia vidonda.

"Huko plasta ni halali," daktari mkuu alimwambia, na wawili watatu wakacheka.

Nimesoma onyo lile. Kila neno ndani yake ni kweli, na ndiyo maana linanichoma. Limemtaja aliyebandika. Halikumtaja aliyeagiza abandike. Halikumtaja aliyetaka maziwa yagawiwe haraka yasije yakaharibika, wala aliyeyaleta kwa tabasamu akijua yatakakofika. Nchi za dunia nzima zimeandika kanuni ya kumdhibiti mtu mwenye katoni, na aliyepatikana wa kuadhibiwa ni mwanamke mwenye gundi kwenye kucha. Nilimwambia nitaandika kwa wizara. Akasema niandike, lakini kwanza nimpelekee fundi uji, mtu hatengenezi maziwa kwa hasira.

Kila mchana, muda wake wa kula, alivua koti la kazi na kuingia wodini saa ya kuona wagonjwa, kama shangazi wa mtu. Muuguzi kiongozi mpya alijifanya hamwoni. Siku zikapita, ziwa likiwa kimya. Kisha mchana mmoja mama mkwe alikuwa anadondosha kwa kijiko akasimamisha mkono.

"Nyamazeni," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Mtoto alikuwa anavuta, na kijiko kilikuwa hewani. Tukasikia koo lake dogo: gu, halafu kimya, halafu gu. Tone jeupe likamtoka pembeni mwa mdomo.

"Anameza," mama mkwe akasema. "Anameza na mimi sijamwaga kitu!"

Fundi aliliangalia tone lile, akalipangusa kwa kidole, akakitazama kidole. Kisha akaomba chakula. Alikula sahani yake na ya jirani.

Alinyonyesha, akaongezwa siku, mtoto akapanda kwenye mizani. Siku waliyoruhusiwa nilidhani wamekwenda nyumbani. Lakini nilipopita kwenye korido ya ofisi niliwakuta wawili wale kwenye benchi mbele ya mlango wa daktari mkuu. Fundi alikuwa ananyonyesha. Kopo lilikuwa limewekwa kati yao, halina plasta, na kila aliyepita, mgonjwa, msimamizi, mwenye faili mkononi, mama mkwe alimsimamisha.

"Baba, hebu soma hapa. Wewe si umesoma? Haya, sasa nikuambie tulichofanyiwa."

Korido ikaanza kujaa. Wazazi waliokuja kliniki walisimama wakasikiliza, na baadhi yao wakafungua mifuko yao wakatazama makopo yao wenyewe. Mmoja akalirudisha lake kwenye dirisha la kliniki. Mwingine akafuata. Daktari mkuu alitoka.

"Mama, mmesharuhusiwa. Mnataka nini hapa?"

"Yale makatoni yatoke," mama mkwe akasema.

"Hilo linashughulikiwa."

"Na Sista arudi wodini kwake."

"Mama, hilo ni suala la kiutawala. Yeye ndiye aliyekosea, mtoto wenu nusura afe kwa mkono wake."

Fundi, ambaye siku zote hizo sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, aliinua kichwa. "Sista alikosea, akasema amekosea, akakaa na mimi mpaka maziwa yakarudi. Wewe umekaa na nani?"

Daktari mkuu aliingia ndani akafunga mlango. Alasiri ile gari la kampuni lilikuja kimyakimya kwa mlango wa nyuma, katoni zikapakiwa, hakuna aliyetoa hotuba. Paa halikutengenezwa. Mama mdogo aliendelea kufunga vidonda. Barua yangu kwa wizara ilijibiwa kwamba imepokelewa.

Ofisi zilipofungwa, mlinzi alikuja na funguo zake. "Mama zangu, tunafunga. Amkeni mwende."

Mama mkwe alikung'uta kanga yake, akachukua kopo, akamsaidia mkwewe kusimama bila kumwachisha mtoto ziwa.

"Sista hajarudi bado, eh?" akamwuliza mlinzi.

"Bado, mama."

"Haya. Tutakuja na kesho. Mtoto ananyonya popote."